Simu Ipo, Daftari Liko Wapi?

Iyunga ni upande wa Jiji la Mbeya ambako kazi kubwa hufanywa na watu wasiokaa chumba kimoja. Stesheni ya TAZARA iko huku, kiwanda cha bia kiko huku, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichokua kutoka Chuo cha Ufundi Mbeya cha mwaka 1986, kiko huku pia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa hapa, nayo inapanuliwa kuwa ya njia nne kwa kilomita 29, kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Katika mradi wa namna hiyo, msimamizi anaweza kuamkia Nsalaga na kumaliza siku Ifisi. Mpima yuko Nzovwe, dereva wa tipa yuko machimboni, na watu wa TANESCO na wa mamlaka ya maji wanasubiriwa wahamishe nguzo na mabomba kabla greda halijafika. Hakuna ukuta mmoja ambao wote hawa wangebandikiwa ratiba wakaisoma. Kinachowaunganisha ni simu.

Simu ikishakuwa ofisi, kazi ya timu inasimamiwaje? Swali hili si la makandarasi wa barabara tu. Linawahusu walimu wanaojenga darasa, wauguzi wanaotafuta gari la mjamzito usiku, wanafunzi wa uhandisi wanaokusanya takwimu za mradi wa mwisho wa mwaka, na wafanyabiashara wa viazi wenye wakala Uyole, dalali Umalila na mpokeaji Dar es Salaam. Kwa karibu wote, jibu limekuwa moja: kundi la WhatsApp. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Mtu mmoja alichoka kupiga simu kumi kila asubuhi, akafungua kundi, akawaingiza wenzake, na kufikia mwezi wa pili kundi likawa ndilo mradi wenyewe.

Siwalaumu. Kundi linafanya kazi ambayo hakuna chombo kingine kimewahi kuifanya kwa gharama ndogo kiasi hicho. Lakini nimefuatilia jambo hili kwa muda, na nimefikia kuamini kwamba timu zetu zilipopata simu ziliacha daftari, na hazijapata kingine cha kushika nafasi yake. Mazungumzo yamekuwa mengi na ya haraka. Kumbukumbu ya nani alikubali nini, lini, na nani alithibitisha kuwa imefanyika, imepungua.

Watu wa reli walitenganisha mambo haya mawili zamani. Katika reli inayoendeshwa kwa simu, mkuu wa stesheni akipewa ruhusa ya kuachia treni huirudia neno kwa neno ili aliyeitoa aisikie, kisha huiandika kitabuni pamoja na saa. Ndipo treni inaondoka. Simu inabeba maneno, kitabu kinabeba wajibu. Likitokea la kutokea, kinachofunguliwa kwanza ni kitabu.

Mfano mmoja mkubwa wa kazi ya timu iliyoendeshwa kwa simu nchini ni ujenzi wa madarasa wa mwishoni mwa mwaka 2021. Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 wenye thamani ya Sh trilioni 1.3, fedha zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa Sh milioni 20 kila moja. Yalitakiwa yawe tayari kabla wanafunzi wa kidato cha kwanza hawajaanza masomo Januari 2022. Hiyo ni miezi mitatu. Na kwa Nyanda za Juu Kusini, miezi hiyo ndiyo mvua inaanza: Novemba ardhi inalainika, Desemba lori la mchanga linakwama njiani.

Madarasa hayo yalijengwa kwa utaratibu ambao kila mkuu wa shule sasa anaujua kwa jina la force account. Fedha huingia kwenye akaunti ya shule, na shule ndiyo hununua vifaa na kumlipa fundi wa eneo hilo. Kazi husimamiwa na kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Wajumbe wake ni walimu na wananchi, watu ambao wana vipindi vya kufundisha, mashamba ya kulima na maduka ya kufungua. Juu yao yuko mtendaji wa kata, kisha mhandisi wa halmashauri mwenye shule nyingi na gari moja, kisha mkurugenzi, kisha mkoa, na kila ngazi inataka taarifa ya leo.

Tuitazame kazi hiyo kama inavyoonekana kwenye simu ya mkuu wa shule. Asubuhi anatuma picha ya msingi. Mchana mjumbe wa manunuzi anaandika kwamba saruji imebaki mifuko minane. Alasiri mtendaji anauliza kwa nini shule fulani bado iko kwenye jamvi wakati wenzao wamefunga lenta. Jioni mkurugenzi anaagiza picha zote zifike kabla ya saa mbili. Kundi linajaa picha za kuta, kenchi na mabati. Ni haki kusema kwamba njia hii ilisaidia. Shule iliyokwama ilijulikana siku hiyo hiyo. Fundi aliyekosa mbao aliunganishwa na muuzaji wa Mufindi bila kusafiri. Mhandisi aliona nyufa kwenye picha akazuia kazi kabla ukuta haujapanda. Kwa watu wa kujitolea wasio na karani wala ofisi, huo si msaada mdogo.

Sasa tutazame mahali inapovunjika. Mchoro unataka nondo za milimita 12 kwenye lenta. Dukani zimekwisha, zipo za milimita 10. Fundi anauliza kwenye kundi saa kumi na mbili jioni kama anaweza kutumia hizo na kuziongeza idadi. Dakika hiyo hiyo mwalimu anauliza kama kikao cha kesho kipo palepale, na mjumbe mwingine anatangaza msiba. Mhandisi, akiwa njiani kutoka shule nyingine, anaandika neno moja: “Sawa.” Kesho yake zege linamwagwa.

Ile “sawa” ilijibu nini? Kikao? Pole ya msiba? Nondo? Kila mtu ana jibu lake, na wote wanalitoa kwa nia njema. Uamuzi wa kiufundi unaohusu uzito wa paa juu ya vichwa vya watoto arobaini na zaidi umepita katikati ya mazungumzo bila mtu kuuona ukipita. Hapa tatizo si uzembe wa mhandisi. Tatizo ni kwamba taarifa, ombi, agizo na uamuzi vyote vimepita mlango mmoja, vimevaa sura moja, na vimesukumwa juu na ujumbe uliofuata.

Chombo chenyewe nacho hakikutengenezwa kutunza kumbukumbu. WhatsApp inamruhusu mtu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na zaidi kidogo baada ya kuutuma, na kuurekebisha ndani ya dakika 15. Mwenye kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwenzake. Anayeingizwa leo kwa kawaida haoni yaliyoamuliwa kabla yake. Mkuu wa shule akihamishwa, au simu yake ikiibwa kwenye basi, kinachobaki shuleni ni majengo na faili lenye stakabadhi pungufu. Hoja ya malipo yasiyo na viambatisho si ngeni katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Mkaguzi hapokei maelezo kwamba “tulikubaliana kwenye kundi”.

Hata picha, tunayoiamini kuliko maneno, inadanganya kirahisi. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake saa, tarehe na, kama mwenye simu ameruhusu, mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, inapunguzwa ukubwa na taarifa hizo huondolewa. Ukuta wa shule moja ukitumwa kwa jina la shule nyingine, hakuna kitu ndani ya picha cha kuukataa. Timu zinazojua jambo hili hutumia programu za kamera zinazoandika tarehe na majira ya nukta ya mahali hapo juu ya picha yenyewe, au hutuma picha kama faili ili taarifa zake zisipotee. Ni hatua ya sekunde chache, na inashangaza ni wasimamizi wangapi wanaodai picha kila siku bila kuidai hatua hiyo.

Dunia ya programu za kusimamia miradi ina jibu lake kwa matatizo haya, na jibu hilo lina historia. Taiichi Ohno alipopanga uzalishaji wa Toyota baada ya Vita Kuu ya Pili, kila fungu la vipuri lilipewa kadi iliyokwenda nalo, na kadi ikionekana iko wapi, kazi inajulikana iko wapi. Trello, iliyotoka mwaka 2011, ilizihamishia kadi hizo kwenye kioo cha simu: safu ya kazi zinazosubiri, safu ya zinazoendelea, safu ya zilizokwisha. Asana na nyinginezo zilifuata njia za karibu na hiyo. Wazo ni zuri kweli. Kila kazi inakuwa na jina, mwenyewe, tarehe, na mahali pa kuweka maswali yanayoihusu hiyo tu. Swali la nondo lingekaa kwenye kadi ya lenta, na “sawa” ya mhandisi ingekaa chini yake.

Kwa timu ambayo kila mmoja ana simu janja nzuri, barua pepe anayoifungua na intaneti ya uhakika, siwezi kuona sababu ya kuendelea kuteseka na kundi. Wanafunzi wanaotengeneza programu pamoja, kampuni ya ushauri wa kihandisi, shirika lenye maafisa Mbeya, Iringa na Njombe: hawa waingie huko bila kusita, maana muda watakaoutumia kujifunza utarudi ndani ya wiki chache.

Lakini timu ya ujenzi wa darasa haifanani na timu hiyo. Fundi mkuu ana simu janja iliyopasuka kioo. Msaidizi wake ana kitochi. Mzee mjumbe wa kamati ya mapokezi ana namba ya simu, na simu yenyewe anashika mjukuu. Bando huungwa kwa siku, na likiisha mchana linasubiri kesho. Programu nyingi za aina hii hutoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi, kwa dola, kupitia kadi ya benki, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Ukiwaambia watu kumi na tano wa namna hiyo wapakue programu mpya, watatu wataitumia, wanane watajisajili na kuisahau, na wanne watarudi kwenye kundi kuuliza kazi imefikia wapi. Ndani ya mwezi mradi una kumbukumbu mbili zinazopingana, na hali hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kumbukumbu kabisa.

Wengi huishia hapo na kusema teknolojia hizi si za mazingira yetu. Sikubaliani nao, kwa sababu tunayo mifano ya hapa hapa nyumbani iliyolipita tatizo hilo, na wa kwanza ni m-mama.

Mfumo huu wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga ulianzia Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia aliuzindua uenee nchi nzima. Namba ni 115, bila malipo. Anayepiga, awe muuguzi wa zahanati au mtu wa familia, anazungumza na mhudumu wa kituo cha uratibu. Mhudumu huyo ndiye mwenye mfumo mbele yake: unamwongoza maswali ya kuuliza, unamwonyesha gari la wagonjwa lililo karibu, na kama halipo, unampa madereva wa kawaida wa eneo hilo waliokwisha kusajiliwa na kufundishwa. Dereva anapigiwa simu. Akimfikisha mgonjwa na kituo kikathibitisha, analipwa kwa pesa za simu.

Timu hii ina muuguzi, mama, mratibu, dereva na hospitali, na katika wote hao ni mmoja tu anayehitaji kuushika mfumo. Wengine wanahitaji simu yoyote inayopokea sauti. Mfumo haukumlazimisha dereva wa kijijini apakue kitu, ajisajili kwa barua pepe na kuvuta kadi kutoka safu moja kwenda nyingine. Ulimwacha aendeshe gari, ukamweka mtu mmoja aliyefundishwa kuwa mshika daftari wa tukio zima. Na malipo yamefungwa kwenye uthibitisho: bila kituo kusema mgonjwa amefika, fedha haitoki. Ni kanuni ya stesheni ile ile, ikifanya kazi kwa kasi ya mama anayevuja damu.

Zanzibar imefanya jambo jingine kwa njia tofauti. Mpango wa Jamii ni Afya, unaoendeshwa na Wizara ya Afya ya Zanzibar pamoja na shirika la D-tree, umewapa simu wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii zaidi ya 2,000 katika shehia za Unguja na Pemba. Hapo kila mmoja ana programu, tofauti na m-mama. Lakini programu ni ya Kiswahili, inamwongoza mhudumu hatua kwa hatua anapoitembelea kaya, na inafanya kazi bila intaneti. Mhudumu anajaza akiwa chini ya mwembe kusiko na mtandao, na taarifa zinapanda zenyewe akirudi penye mtandao. Msimamizi wake anaona nani ametembelea kaya zake na nani anahitaji msaada. Programu hiyo haina mahali pa kutuma salamu za Ijumaa wala picha ya harusi. Inafanya kazi moja, na ndiyo sababu kumbukumbu zake zinasomeka.

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilikuwa somo la ukubwa wake. Makarani walizunguka na vishkwambi badala ya madodoso ya karatasi, kila mmoja akiwa na eneo lake la kuhesabia lenye mipaka, na nchi ikapata hesabu ya watu 61,741,120. Vishkwambi hivyo baadaye vilikwenda kwa walimu. Kilichowezesha jeshi kubwa namna ile lisikanyagane ni mgawanyo uliofanywa kabla kifaa hakijawashwa: eneo moja, karani mmoja, msimamizi mmoja. Kifaa kilikuta kazi imeshapangwa. Timu nyingi za Iyunga hufanya kinyume, zinafungua kundi kwanza zikitumaini kwamba mgawanyo wa kazi utajitokeza wenyewe katika mazungumzo.

Nikichukua yote hayo na kuyarudisha kwenye kamati ya ujenzi wa darasa, sioni haja ya programu mpya kwa kila mjumbe. Naona haja ya mtu. Katika kila timu awepo mshika daftari aliyetajwa kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza, mwenye simu inayofaa na bando linalolipwa na mradi. Kundi libaki kwa kuitana, kuulizana na kupeana moyo. Uamuzi wowote unaogusa fedha, kipimo au tarehe ukishafikiwa, yeye auandike mahali pamoja: uamuzi wenyewe, nani ameutoa, nani atautekeleza, mwisho ni lini. Kisha airudishe sentensi hiyo kwenye kundi na kumtaja aliyetoa uamuzi, naye ajibu juu ya sentensi hiyo hasa. Mzee mwenye kitochi anapigiwa, anasomewa, anakubali, na kukubali kwake kunaandikwa pamoja na saa. Mahali penyewe panaweza kuwa jedwali la Google Sheets, ambalo hufunguka kwenye simu na linaweza kuhaririwa hata mtandao ukikatika, au bodi ya Trello ambayo yeye tu anaigusa. Panaweza hata kuwa kitabu cha kaunta kinachopigwa picha kila jioni. Chombo ni suala la pili.

Wapo watakaosema hii ni kumwongezea mtu mmoja mzigo. Ni kweli, na mzigo huo unastahili kutambuliwa na kulipwa posho yake, kama tunavyomlipa mlinzi wa saruji. Saruji ikipotea hasara inahesabika kwa mifuko. Uamuzi ukipotea, hasara yake hujitokeza miaka baadaye bila mtu kujua ilianzia wapi.

Kuna upande mwingine wa simu hii ambao wasimamizi hawapendi kuuzungumza. Ofisi iliyo mfukoni haifungwi. Agizo la picha kabla ya saa mbili usiku lina maana kwamba mwalimu aliyefundisha tangu asubuhi anarudi saiti gizani na tochi. Agizo la saa nne usiku, linaloanza na “naomba majibu haraka”, linakaa na mtu kitandani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kipindi cha wiki nne, zikilipwa angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Sheria hiyo iliandikwa kabla kundi la kazi halijazaliwa, na haimwambii mwajiri kama kujibu ujumbe usiku ni kazi. Ufaransa ililigusa jambo hili kuanzia Januari 2017, ikizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutopatikana kwa simu nje ya muda wa kazi. Nchini Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa aina hiyo bungeni mwaka 2022, na vyama vya waajiri vikaupinga.

Sidhani tunahitaji kusubiri bunge. Timu inaweza kukubaliana kwamba baada ya saa moja jioni hakuna ombi la taarifa isipokuwa la hatari: moto, jeraha, ukuta unaoanguka. Hili linamfaa msimamizi mwenyewe pia, kwa sababu taarifa iliyodaiwa usiku na mtu aliyechoka ndiyo yenye namba za kubuni. Mwandishi wa taarifa akiogopa kuliko anavyojua, atatuma picha ya jana.

Na mtandao wenyewe si wa kuaminiwa kwa asilimia mia. Oktoba 4, 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kusuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Umeme unapokatika mchana kutwa, simu iliyokuwa na asilimia ishirini asubuhi inazimika kabla zege halijafika. Timu iliyoweka kila kitu mtandaoni inasimama siku hizo. Timu ambayo mshika daftari wake ana nakala kwenye simu, na namba za wote kwenye karatasi, inapiga simu za kawaida na kuendelea. Jambo hili lina uzito zaidi kadiri miradi inavyokua. Septemba 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya CCECC ya China zilitiliana saini mkataba wa kufufua TAZARA wenye thamani ya dola bilioni 1.4, na kazi za reli zina watu walio mbali na minara kuliko wa barabarani.

Limebaki suala la sheria na umiliki, ambalo naona ndilo lililopuuzwa zaidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi mahakamani, lakini uzito wake unategemea namna zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na mwenyewe alivyotambulishwa. Picha ya kioo cha simu iliyopita mikono mitano ni dhaifu. Jedwali lenye historia ya nani alibadilisha nini na saa ngapi lina nguvu zaidi. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu na azilinde. Kundi la mradi linabeba namba za simu za vibarua, picha za vitambulisho vya taifa vilivyoombwa kwa ajili ya malipo, wakati mwingine hata picha za wagonjwa na watoto. Zinakaa kwenye simu za watu thelathini, baadhi yao wakiwa wameshaacha kazi. Kitambulisho cha kibarua hakina sababu ya kupita kwenye kundi. Kitumwe kwa mlipaji peke yake, na baada ya malipo kifutwe kwenye simu yake.

Serikali yenyewe imeanza kuvuta upande wa daftari. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, umewaleta hata mafundi wa mtaani kwenye usajili wa kielektroniki ili wapate kazi za shule na zahanati. Wapo wanaoulalamikia kwa ugumu wake, na malalamiko ya fundi asiye na kompyuta yana msingi. Lakini NeST inashughulika zaidi na nani apewe kazi na kwa bei gani. Si rahisi ione kila kilichotokea saiti kati ya kusaini na kukabidhi, kama siku ile nondo zilipobadilishwa. Pengo hilo liko mikononi mwa timu yenyewe.

Kwa hiyo nashauri makabidhiano ya jengo yawe na kipengele kimoja zaidi. Siku kamati inapokabidhi funguo na faili la stakabadhi, mshika daftari akabidhi pia nakala ya daftari la maamuzi, iliyochapishwa na kusainiwa, pamoja na picha zenye tarehe na majira ya nukta kwenye kadi ya kumbukumbu inayobaki shuleni. Akaunti iliyotumika iwe ya shule, kwa namba ya simu ya shule, isiwe ya mwalimu. Mikataba ya ujenzi huwa na kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi 12 baada ya kukabidhi, ambapo fundi anawajibika kurekebisha kasoro zitakazojitokeza. Mvua za Mbeya zitalipima paa ndani ya kipindi hicho. Likivuja, mkuu wa shule, hata kama aliripoti wiki iliyopita tu akitokea Iringa, awe na mahali pa kufungua na kusoma nani alipaua, kwa bati la kipimo gani, na nani alilikubali.